Afande Ezironi na Mfungwa Asiyekuwa na Kamba

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Wasifu huu ulitakiwa usomwe tarehe 30 Juni 1975, siku ambayo Sajini Ezironi Bwambale alistaafu baada ya kutumikia magereza kwa miaka ishirini na minane. Katika karatasi ya utaratibu wa sherehe jina langu lilikuwa la nne, baada ya sala na kabla ya chakula. Nilisimama, nikasema maneno machache ya shukrani, nikaketi. Wenzangu walidhani nimeugua. Sikuugua. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za sifa, na nilipozisoma asubuhi ile niliona kwamba zote zilikuwa za kweli na kwamba hakuna hata moja iliyogusa jambo lenyewe. Mhariri wa jarida la watumishi ameniandikia mara tatu tangu siku hiyo. Sasa ni Oktoba. Namjibu.

Ezironi alizaliwa Ibanda, kwenye njia iendayo mlimani, akiwa mtoto wa pili wa kiume, kama jina la Bwambale linavyoeleza. Aliajiriwa mwaka 1947, akapelekwa Katwe kuwalinda wafungwa waliokata chumvi ziwani. Maji yale huchubua ngozi. Ezironi alikuwa na kopo la samli, akijipaka miguuni kabla ya kuingia majini, kisha akilipitisha kopo hilohilo kwa wafungwa. Mkubwa wake alimkaripia kwa kuchangia kopo na wahalifu. Ezironi alipiga saluti akajibu, "Afande, chumvi hapana soma cheo." Alikatwa likizo ya siku tatu, na kopo likaendelea kupita.

Gereza letu la shamba la Kithende, kati ya Kasese na Bwera, lilipofunguliwa mwaka 1961, yeye alikuwa miongoni mwa askari kumi na mmoja wa kwanza. Mimi nilifika mwaka huohuo kuwa karani. Tulilima pamba na mahindi. Yaani wao walilima, mimi niliandika.

Wengi wenu mnakumbuka tetemeko la ardhi la Machi 1966. Lilitupiga alfajiri. Ukuta wa bweni ulipasuka kuanzia juu hadi chini, na Ezironi, bila kungoja amri ya mtu yeyote, alifungua mlango akawatoa wafungwa wote themanini na watatu wakakae katikati ya shamba la pamba. Kulipopambazuka aliwahesabu. Walikuwa themanini na wanne. Akahesabu tena, wakawa walewale themanini na wanne. Mkuu wa gereza aliamuru wasimame mmoja mmoja, ndipo akapatikana mzee wa kijiji cha jirani aliyeikimbia nyumba yake na kuja kuketi miongoni mwao. Alipoulizwa kwa nini amejichanganya na wafungwa, mzee alisema, "Huku niliona watu iko natulia." Ezironi alimpa uji na kumsindikiza nyumbani. Nadhani hatutapata tena gereza ambalo baada ya kuta kupasuka idadi ya watu huongezeka.

Alikuwa na namna yake ya kulipima gereza. Saa ya chakula hakuingia bwenini. Alisimama nje, mgongo ukiwa ukutani, akasikiliza sahani. Alidai kwamba watu wenye matumaini hugongagonga sahani, hugombania ukoko, hutukanana mama zao kwa mzaha. Bweni likila kimyakimya, aliongeza askari usiku huo. Mimi niliyaona hayo kuwa ushirikina. Hata hivyo, naandika hapa kwamba alitabiri majaribio matano ya kutoroka kati ya sita, na la sita lilitokea akiwa hospitalini.

Jambo jingine ni kamba. Wafungwa wetu wana desturi ya kusokota kamba ya mgomba na kupiga fundo moja kila Jumapili. Kamba hutundikwa ukutani, juu ya mkeka wa mwenyewe. Mwenye kifungo kirefu huwa na kamba ifikayo sakafuni. Kwa mujibu wa kanuni kamba ni kitu kilichokatazwa, na mwaka 1964 mimi ndiye niliyemwandikia mkuu wa gereza ombi la kuzichoma. Ezironi alikuja ofisini akasema, kwa Kiswahili chake ambacho hakikuheshimu ngeli hata moja, "Karani, ukichoma ile kamba, kesho wewe italinda hawa watu peke yako." Kamba hazikuchomwa.

Agosti 1966 alihamishiwa gereza jingine, mbali na hapa, akakaa huko miaka sita na nusu. Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea miezi miwili baada ya yeye kuondoka, na lilitokea mkononi mwangu.

Msomaji asiyezaliwa katika milima hii afahamu kwamba Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Nzanzu ni mtoto wa kwanza wa kiume. Thembo ni wa tano. Kwa hiyo kila penye uzao mwingi pana Thembo, na kila mahali pana Nzanzu. Ezironi alilijua hilo, naye alikuwa na swali alilomuuliza kila mfungwa mgeni kabla ya kumwuliza kosa lake: "Unakunywa mto gani?" Mtu alijibu Nyamugasani, au Mubuku, au Lhubiriha ulio mpakani, na kuanzia hapo Ezironi alimwita kwa mto wake. Kitabu changu cha wafungwa hakikuwa na safu ya mto.

Oktoba 1966 lori lilileta watu tisa kutoka Bwera. Wawili kati yao waliitwa Thembo, na wote wawili walikuwa wana wa Nzanzu. Mmoja, wa Karambi, alikuwa amekamatwa na magunia mawili ya kahawa ya magendo, akahukumiwa miezi kumi na minane. Wa pili, wa mlimani, alikuwa amemkata jirani yake kwa panga hadi kufa katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Alihukumiwa miaka ishirini. Niliita, "Thembo mwana wa Nzanzu!" Wote wawili wakaitika. Sikupenda vurugu mlangoni. Niliamuru wajipange, nikaishika hati iliyokuwa juu, nikampa namba yake mtu aliyetangulia mstarini, na hati ya chini nikampa aliyefuata. Hati ya juu ilikuwa ya miezi kumi na minane. Aliyetangulia mstarini alikuwa mwuaji.

Yeye alijua. Alisikia nikimsomea kosa la kahawa, akanyamaza. Mwenzake hakusikia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpeleka akanyolewe.

Mwaka mmoja baadaye, theluthi ya kifungo ikiwa imesamehewa kwa tabia njema, mwuaji alitoka kwa amani. Nilimfungulia lango mimi mwenyewe na kumwusia aachane na magendo. Aliniahidi kwamba hatagusa kahawa maisha yake yote, na sina shaka ametimiza.

Kesho yake Thembo wa kahawa alikuja dirishani pangu, amejifunga blanketi lake tayari kwa safari.

"Bwana karani, siku yangu imefika."

Nilifungua kitabu. Nikamwambia amebakiwa na miaka kumi na miwili na kitu.

"Ile ni ya mutu mwingine," alisema. "Mimi ni ile ya kahawa."

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Basi kitabu iko nasema uongo."

Niliandika kosa la kumtukana mtumishi, akapewa siku saba za nusu chakula. Alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata, kwa muda wa miaka miwili. Kila mara niliandika katika jalada lake maneno yaleyale: malalamiko ya kawaida. Gerezani kila mtu husema si yeye. Nilikuwa nimesikia maneno hayo kutoka kwa watu mia tatu, na kwa watu mia mbili na tisini na tisa nilikuwa sahihi.

Kisha akaacha kuja. Nilifurahi. Akawa mpishi wa bweni, tena mchekeshaji. Aliiga mwendo wa kila askari, na aliniiga mimi nikifuta miwani. Katika taarifa ya mwaka 1971 niliandika kwamba mfungwa huyu amerekebika na ni mfano kwa wenzake.

Hivyo ndivyo Ezironi alivyomkuta aliporudi Kithende mwezi wa Februari 1973. Juma la kwanza alizunguka bwenini akitazama kamba. Wafungwa walikuwa mia moja na kumi na wawili, na kamba zilikuwa mia moja na kumi na moja. Alisimama juu ya mkeka wa mpishi.

"Kamba yako iko wapi?"

"Afande, mimi napikia wale iko na siku," alijibu Thembo, na bweni zima likacheka.

Ezironi peke yake hakucheka. Alimwuliza anakunywa mto gani. Thembo akasema Lhubiriha, kwa kuwa ni mtu wa Karambi, tena kosa lake ni kahawa. Usiku huo Ezironi hakulala, kwa maana alimjua marehemu aliyekatwa panga. Alikuwa mtu wa Nyamugasani ya juu, mwendo wa siku nzima kutoka Lhubiriha. Mtu hagombani mpaka wa shamba na jirani aliye mbali naye kwa mto mzima na milima miwili.

Hakuja kwangu. Alijua ningemwonyesha kitabu. Aliomba likizo yake ya mwezi wa Aprili, na badala ya kwenda Ibanda kupalilia, alikwenda Karambi kwa miguu, akiuliza nyumba kwa nyumba mke wa Thembo mwana wa Nzanzu, yule wa kahawa. Alionyeshwa wake wa akina Thembo watatu kabla ya kumpata. Jina lake ni Kabugho. Alimkuta akianika muhogo.

Alichosimuliwa na mama huyo ndicho kilichonifanya nishindwe kusema siku ya sherehe. Oktoba 1967 Kabugho alikuwa amehesabu siku za mumewe sawasawa. Alikuja Kithende kumpokea, akiwa na shati safi na mkungu wa ndizi. Alichelewa kwa siku moja kwa sababu ya mvua. Karani alimfungulia kitabu, akamwonyesha kwa kidole mstari uliosema kwamba Thembo mwana wa Nzanzu, wa kahawa, ametoka jana. Karani huyo ni mimi. Namkumbuka mama huyo. Aliuliza ameelekea wapi, nikamjibu kwamba gereza halifuati watu barabarani. Mumewe alikuwa nyuma ya ukuta, hatua arobaini, akitumikia nusu chakula kwa kunitukana.

Alirudi nyumbani na shati lake. Kwa miaka mitano na nusu Karambi yote ilijua kwamba Kabugho amekimbiwa na mumewe, ambaye sasa anaishi Beni na mwanamke wa huko. Wifi zake walimtungia wimbo wa kumdhihaki. Naye Thembo, upande wa pili wa ukuta, alijua kwamba mkewe hakufika siku ya kumpokea wala siku nyingine yoyote. Ndipo alipoacha kuja dirishani. Nilikuwa nimeandika kwamba amerekebika.

Ezironi alirejea kabla likizo haijaisha. Aliingia ofisini, akavua kofia, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu nimjue.

"Karani, tumefunga mutu ya bure."

Nilimwambia kwamba kitabu kina saini ya mkuu wa gereza na mhuri.

"Kitabu ni yako," alisema. "Ile mutu ni ya Kabugho."

Nilikasirika. Ili kumnyamazisha, nilichukua ufunguo wa stoo, tukaenda kufungua mfuko wa mali za mfungwa wa miaka ishirini. Mfuko hufungwa siku mtu anapoingia, naye hutia vitu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna hati inayopita hapo. Ndani mlikuwa na shati moja, kisu kidogo cha kuchubulia muhogo, na karatasi ya mahakama iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stakabadhi ya magunia mawili ya kahawa yaliyotaifishwa, yenye jina la Thembo mwana wa Nzanzu wa Karambi, na alama ya dole gumba lake. Ilikuwa imekaa hapo karibu miaka saba, kwenye rafu iliyo juu ya kichwa changu ninapokunywa chai.

Nilikaa juu ya gunia la mbegu. Ezironi alitoka akarudi na kikombe. Alinipa maji.

Sitaeleza zaidi habari zangu. Huu ni wasifu wake. Lakini haki inataka niseme kwamba hakunishtaki. Alisema tuandike barua, mimi niandike kwa sababu najua kuandika, na yeye aweke dole gumba. Nilimwambia anaweza kutia saini. Akajibu kwamba anajua, ila anataka dole gumba lake liwe karibu na la Thembo. Tulipeleka barua ile Kampala mwezi uleule wa Aprili 1973, pamoja na nakala ya stakabadhi, na maelezo yangu ya kukiri kosa kwa jina langu kamili.

Siku ileile Ezironi alimpelekea Thembo kipande cha kamba. Thembo alikirudisha. Alisema hana siku ya kuhesabia. Ezironi alimwambia, "Wenzako nahesabu kushuka. Wewe hesabu kupanda. Funga moja kila Jumapili tangu barua ilitoka, tuone wale wakubwa watachoka lini." Thembo aligeuza mwiko mara kadhaa ndani ya sufuria kabla ya kunyoosha mkono kukipokea.

Kabugho alikuja Jumapili iliyofuata. Kwenye benchi la wageni kanuni inataka askari asimame hatua mbili, na Ezironi alisimama hatua ishirini. Hata hivyo sauti ya mama huyo hufika mbali.

"Umenenepa!" ndilo neno lake la kwanza. "Mimi nalia Karambi, wewe unakula!"

"Mimi ni mpishi," alisema Thembo.

"Nyumbani hata maji ya kuchemsha ulikuwa unaunguza."

"Hawa hawana pa kukimbilia."

Nilisikia kicheko, kisha nikasikia watu wazima wawili wakilia kama watoto. Nilifunga dirisha la ofisi. Bwenini walikuwa wakila, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilisimama nikasikiliza sahani. Zilikuwa zikigongwa.

Nilikuwa na hofu kwamba habari hii ikienea utaratibu utavunjika. Ilienea kabla ya jua kutua. Asubuhi yake watu thelathini na wanne walijipanga dirishani, kila mmoja akidai kwamba hati yake ni ya mtu mwingine. Miongoni mwao alikuwamo mfungwa aliyeiba ng'ombe mchana, sokoni, mbele ya mwenye ng'ombe. Zamani ningewafukuza. Nilipekua majalada yote mia moja na kumi na mawili, kwa siku kumi na nne, Ezironi akiwauliza mito yao mmoja baada ya mwingine na mimi nikiandika. Sikupata kosa jingine. Lakini kwa siku hizo zote kumi na nne sikuwa na hakika, na sijapata kupitia kipindi cha kutisha kama hicho. Mwaka uliotangulia watu wanne walijaribu kutoroka. Mwaka huo hakujaribu hata mmoja. Kitabu changu cha wafungwa sasa kina safu ya mto. Niliichora kwa rula.

Jibu la kwanza kutoka juu lilifika Januari 1974. Lilisema kwamba kifungo cha miaka ishirini lazima kiwe na mfungwa wake. Kwa hiyo, kabla ya Thembo wa Karambi kufikiriwa, sharti Thembo wa pili apatikane na arejeshwe. Niliisoma barua hiyo mara tano nikidhani miwani yangu imechafuka.

Wakati huo tulikuwa na mfungwa aitwaye Anselme, mfanyabiashara wa Butembo aliyekamatwa mpakani na vitenge. Alikuwa akifagia veranda nilipokuwa nikimsomea Ezironi jibu lile.

"Ule Thembo mwingine?" alidakia. "Mbona mimi namujua! Ule anakunywa Nyamugasani, anasema alifungwa hapa mwaka moja. Iko Butembo, iko na butiki ya sabuni pembeni ya eglizi, ile kanisa kubwa. Mutu ya muzuri sana. Kila dimanshi anatoa sadaka."

Ezironi alimwuliza kama ana hakika.

"Afande, ananidai vipande tatu ya sabuni. Mutu anasahau ndugu yake, hasahau mutu anamudai." Kisha akanigeukia mimi. "Karani, nawe tafuta vizuri mu kitabu yako. Pengine na mimi ni askofu."

Tuliandika barua ya pili. Ezironi alitaka sentensi moja iwemo, nami niliinyoosha sarufi yake bila kugusa maana: kwamba mtu si rehani ya mtu mwingine. Jibu lilisema kwamba ushahidi wa mfungwa wa kigeni haupokelewi, na kwamba shauri liko mbele ya wahusika. Tuliandika ya tatu na ya nne. Ezironi alizipeleka posta Kasese kwa mkono, kila moja, akisubiri mpaka aone mhuri ukigongwa. Kwa hesabu za kitabu, Thembo atatoka mwaka 1980. Kwa hesabu za haki, alitakiwa kutoka mwaka 1967.

Nimesikia watu wakiuliza kwa nini Ezironi hakupandishwa cheo juu ya usajini. Jibu lipo katika jalada lake, na sasa sioni sababu ya kulificha. Mwaka 1974 aliitwa akaambiwa kwamba barua hizi zinalitia doa gereza, na kwamba akiacha kuziwekea dole gumba, nafasi ya juu ipo wazi. Alirudi jioni hiyohiyo na bahasha nyingine mfukoni, akaniuliza kama nina wino.

Siku ya sherehe mliohudhuria mnakumbuka kwamba aliomba wafungwa wale kwanza. Thembo ndiye aliyepika nyama ya mbuzi na bundu, ugali wetu wa muhogo, na alipakua kwa sherehe kubwa akiiga mwendo wa Ezironi, goti la kushoto likikataa kukunjika. Mkuu wa gereza alimkabidhi Ezironi redio. Ezironi akashukuru, kisha akatoa hotuba yake yote, ambayo naiandika kama ilivyotoka: "Mimi namaliza. Ule mupishi hajamaliza. Basi nusu ya mimi bado iko ndani." Akaketi. Wageni walipiga makofi wakidhani ni mzaha.

Ezironi, kwa niaba ya watumishi wote wa Kithende tunakushukuru kwa miaka ishirini na minane. Askari vijana wanakushukuru kwa kuwafundisha kusimama nje na kusikiliza. Mama Kabugho, ambaye huja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na kumkaripia mumewe kwa sauti inayofika Kasese, ameniagiza nikusalimu, na nikuambie kwamba wifi zake wameacha ule wimbo. Mimi nakushukuru kwa yale maji.

Ukae salama huko Ibanda na watu wako. Mashamba yako yazae, goti lako lipone, na redio ikuletee habari njema zaidi ya zile ulizozipata kwetu.

Wiki iliyopita tumeandikiwa kwamba jalada la Thembo limepelekwa kwenye kikao chenye uwezo wa kukata shauri, na kwamba kikao kitakaa kabla ya mwaka kwisha. Nimekwisha kuahidiwa hivyo mara mbili, kwa hiyo sijamwambia mtu bwenini. Thembo mwenyewe nimemwambia, kwa sababu ni haki yake. Aliniuliza kama na wewe unajua. Ezironi, siku uamuzi utakapofika, uwe wa kumfungulia au wa kumkatalia, nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijauingiza kitabuni.

Badiru Kasimu,
Karani Mkuu, Gereza la Shamba la Kithende